Je, wajua kwa nini jino jipya la mtoto halizibwi mzizi kama la mtu mzima?

Mtoto wa miaka 8 anacheza mchezo wa kati kwenye ploti huko Umoja, Nairobi, anateleza juu ya kabro, na jino la mbele linakatika nusu. Palipovunjika panaonekana kidoa chekundu. Hicho ni kiini cha jino, penye mishipa ya damu na neva. Kwa mtu mzima, daktari angeweza kukitoa chote, akasafisha mfereji wa mzizi na kuuziba. Kwa mtoto huyu anasita.

Jino hilo limeota juzijuzi tu, na mzizi wake haujamaliza kukua. Tangu jino la kudumu liote, ncha ya mzizi huchukua takriban miaka 3 kujifunga. Kwa sasa iko wazi kama mdomo wa tarumbeta, na kuta zake ni nyembamba. Ukishindilia dawa ya kuzibia humo, hakuna cha kuizuia isipenye hadi kwenye taya. Tena kinachojenga kuta hizo ni kiini chenyewe. Kikifa, mzizi hubaki mwembamba, na pigo dogo tu laweza kuuvunja.

Ndiyo maana kiini kikiwa hai, daktari hukata milimita 2 hivi za juu, anasubiri damu ikome, anafunika kwa simenti maalum, kisha anaziba jino. Mzizi unaendelea kukua. Kwangu mimi hii ndiyo tiba bora kuliko zote, na inaniuma mzazi anapochelewa, au anaposema, "Ling'oe tu."

Kiini kikishakufa, kazi ni ngumu zaidi. Zamani mfereji ulijazwa kalsiamu haidroksaidi kwa miezi 6 hadi 18, mpaka kizuizi kigumu kijitengeneze nchani. Ilisaidia, ila ikikaa sana hudhoofisha jino. Miaka ya 1990 ikaja simenti ya MTA kutoka Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, ambayo huziba ncha kwa ziara moja au mbili. Siku hizi ipo pia njia ya kuua vijidudu, kisha kuchokoza tishu nje ya ncha ili damu yenye seli shina, yaani seli changa zinazoweza kujenga tishu mpya, ijae mferejini. Mara nyingine mzizi huongezeka unene, mara nyingine hauongezeki.

Daktari akikuita tena baada ya miezi kadhaa, nenda hata kama mtoto halalamiki. Kiini huweza kufa bila maumivu yoyote, na picha ya eksirei ndiyo itakayoonyesha kama ncha inafunga.