Je, wajua kwa nini wapenzi hutembea polepole Savannah?

Savannah ni mji wa bandari wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, na sifa yake kubwa ni kuwa mji wa wapenzi. Wako wanaokwenda kula fungate, wako wanaokwenda kuvishana pete, na wengine hufunga ndoa pale pale chini ya miti. Kwa wenzetu walioko Atlanta ni mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Ukifika, unachokutana nacho zaidi ni viwanja. Unatembea dakika mbili tatu, unaingia kwenye uwanja wenye miti mikubwa, mabenchi na kivuli. Unauvuka, unatembea tena kidogo, huo mwingine. Viko 22. Ni nani aliyeupanga mji namna hii, na imekuwaje haukubomolewa?

Aliyeupanga hakuwa na habari na mapenzi. Tarehe 12 Februari 1733, Mwingereza James Oglethorpe aliwateremsha walowezi wake juu ya genge la Mto Savannah, kwenye ardhi ya wenyeji, Wayamacraw, baada ya kuelewana na mkuu wao, mzee Tomochichi. Koloni la Georgia lilikusudiwa kuwa ngao: kaskazini kulikuwa na South Carolina, koloni jingine la Waingereza lililoneemeka, kusini Wahispania wa Florida. Kwa hiyo mji ulipimwa kwa vipande vinavyofanana. Kila mtaa ulipewa uwanja wa wazi katikati, viwanja 40 vya nyumba upande wa kaskazini na kusini, na vinne vikubwa mashariki na magharibi kwa ajili ya kanisa, ghala na majengo ya umma. Uwanja wa katikati ndipo mgambo walipofanyia gwaride, na ndipo watu wa mashambani wangekimbilia adui akitokea.

Ndani yake kulikuwa na wazo jingine, la usawa. Kila mlowezi aligawiwa kipande kile kile, futi 60 kwa 90 za mjini, bustani ya ekari 5 na shamba nje ya mji, jumla ekari 50. Utumwa ulipigwa marufuku mwaka 1735. Marufuku hiyo haikufika mbali, maana wenye tamaa ya utajiri kama wa jirani zao waliipigia kelele hadi ikaondolewa miaka kumi na mitano hivi baadaye. Ramani ilibaki. Mji ulipokua, badala ya kubuni jambo jipya, watu waliongeza mtaa mwingine wa mfano ule ule. Viwanja vinne vya mwaka 1733 vikawa 24 ilipofika 1851.

Hapo ndipo penye siri ya mwendo wa polepole. Gari likifika kwenye uwanja haliwezi kupita katikati, linazunguka. Mtembea kwa miguu ndiye anayenyoosha. Shuka Bull Street kutoka ukumbi wa jiji ulio juu ya mto hadi bustani ya Forsyth, utapasua viwanja vitano: Johnson, Wright, Chippewa, Madison na Monterey. Si mbali, ila mabenchi yanakuvuta. Mimi naona hii ndiyo njia moja ya lazima kwa wawili waliokuja kwa mapumziko. Magari ya farasi yanaweza kusubiri.

Huko Wright simameni kidogo. Tomochichi alipofariki mwaka 1739 alizikwa katikati ya uwanja huo kwa heshima za kijeshi, na Oglethorpe mwenyewe akiwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mwaka 1883 mnara wa bwana mmoja wa reli, William Gordon, ukasimamishwa palepale juu ya kaburi. Mwenyeji akawekewa jiwe kubwa la matale pembeni, mwaka 1899.

Na zile nyuzi za kijivu zinazoning'inia kwenye mialoni, zinazofanya kila picha ionekane kama ya ndotoni? Si kuvu, na wala hazinyonyi mti. Ni mmea kamili wa ukoo mmoja na nanasi, usio na mizizi ya kushika ardhi, unaokunywa unyevu wa hewa na mvua kwa majani yake. Zilizoanguka chini msizishike kwa ajili ya picha: mara nyingi zina vidudu vidogo vinavyowasha vibaya.

Turudi kwenye kuponea. Mwaka 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, Jenerali William Sherman wa jeshi la Kaskazini aliichoma sehemu kubwa ya Atlanta, kisha akashuka kuelekea baharini akiharibu reli na mashamba. Watalii hupenda kusimuliwa kwamba alipoiona Savannah alishindwa kuichoma kwa uzuri wake. Sababu ilikuwa kavu zaidi. Jeshi la Kusini lilivuka mto usiku wa Desemba 20 kwa daraja la kuelea, meya akatoka alfajiri kuusalimisha mji, na Sherman alihitaji bandari ya kupokelea chakula na barua kutoka kwa meli zake. Akampelekea simu ya maandishi Rais Lincoln akimzawadia mji huo kwa Krismasi, pamoja na mizinga 150 na marobota ya pamba 25,000 hivi.

Pamba hiyo ndiyo iliyojenga majumba mnayoyapiga picha, na aliyeilima ni mtumwa. Ushahidi mwingine mnaukanyaga. Mkishuka kwenda River Street, njia imetandikwa mawe ya kila rangi na umbo, makubwa kwa madogo. Hayo ni farumi: meli zilikuja na mawe tumboni ili zisipinduke, zikayamwaga ufukweni, zikapakia pamba. Mabibi, viatu vya visigino virefu acheni hotelini. Juu ya njia hiyo kuna vidaraja vya chuma vya kuingilia ofisi za madalali wa pamba.

Miaka ya 1920 fukusi wa pamba alimaliza mashamba, na bei ikaanguka. Savannah ikafilisika polepole, na kwa maoni yangu ufukara ndio uliouhifadhi mji kuliko huruma ya jenerali yeyote. Nyumba zilichakaa, zikagawanywa vyumba vya kupanga, lakini hakukuwa na fedha nyingi za kubomoa na kujenga upya.

Hatari ilikuja na magari. Viwanja viwili vilimezwa na barabara kuu upande wa magharibi. Mwaka 1954 soko la zamani kwenye uwanja wa Ellis lilivunjwa, pakajengwa jengo la kuegesha magari. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya nyumba ya fundi mwashi Isaiah Davenport, ya mwaka 1820, ambayo mwenye kampuni ya mazishi aliitaka apate maegesho. Wanawake saba wakachanga na kuchangisha dola 22,500, wakainunua. Chama walichokiunda hakikuishia hapo: kilinunua nyumba iliyochakaa, kikaiuza kwa anayekubali kwa maandishi kuikarabati bila kuibomoa, kisha kwa fedha hizo hizo kikanunua nyingine. Mamia ya nyumba ziliokolewa hivyo.

Hata Ellis imerudi. Jengo la magari lilivunjwa, na mwaka 2010 uwanja ukafunguliwa upya, una chemchemi ambamo watoto hulowa siku za joto. Magari yanaegeshwa chini ya ardhi, miguuni pa wanaokunywa kahawa.