Je, wajua kwa nini Mufindi kiwanda ndicho huufuata mti?

Ukiacha lami pale Mafinga na kuingia vijiji vya Mufindi, mkoani Iringa, Tanzania, wakati wa kiangazi, haupiti muda kabla hujasikia injini ya dizeli ikiunguruma katikati ya shamba la mipaini. Ukiufuata mlio huo hukuti jengo, paa la bati wala nguzo ya umeme. Unakuta dingdong.

Dingdong ndilo jina la mashine ndogo ya kupasulia mbao: injini, mkanda, msumeno wa duara na meza ya chuma ambayo vijana hulisukumia gogo kwa mikono. Kazi ikiisha hapo inafunguliwa, inapakiwa, na kesho inalia kwenye shamba la jirani. Tumezoea mali ghafi kupelekwa kiwandani. Hapa imekuwaje kiwanda kitembee?

Anza na maji. Mpaini uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji, mara nyingine zaidi. Juu yake weka magome na mabanzi, yale mapande ya pembeni yenye mgongo wa mviringo. Ukilipakia gogo zima kwenye Fuso, unanunua dizeli ya kusafirishia maji na masalia. Likipasuliwa shambani, mabanzi yanabaki kijijini kujengea uzio na mabanda ya kuku, na mbao hupangwa kwa kupishana zikauke kidogo kabla ya safari.

Halafu kuna mashamba yenyewe. Msitu wa serikali wa Sao Hill, ulioanza kwa majaribio mwaka 1939, una eneo la zaidi ya hekta 130,000, na huko kiwanda kikubwa kina uhakika wa magogo. Mwanakijiji ana eka mbili au tatu, pengine kwenye mteremko unaoishia bondeni. Nani atachonga barabara ya lori kwa ajili ya eka mbili? Mvua zikianza, udongo ule mwekundu unakuwa kama sabuni. Ubao mtu anaweza kuutia begani akapanda nao mpaka barabarani, gogo hapana.

Lakini sababu yenye uzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ada ya shule. Mpaini wa mbao imara ulizoeleka kuachwa miaka 25 hivi. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza hasubiri hivyo, na mgonjwa ndani ya nyumba ndiyo kabisa. Miti inauzwa ingali michanga, ina unene wa paja la mtu. Mitambo iliyotengenezwa kwa magogo manene haina kazi na fimbo kama hizo. Dingdong haichagui.

Ina ubaya wake, tusiipambe. Chukua msumeno wa duara unaokula milimita 6 kila unapopita. Ukipasua mbao za milimita 25, kwa kila ubao unaopata unageuza milimita 6 kuwa unga, yaani karibu sehemu moja kati ya tano. Msumeno wa utepe unaokula milimita 2 ungepoteza kama asilimia 7 tu. Mkataji mzembe akiongeza mkono wake, mbao zinatoka nene huku nyembamba kule, na fundi wa paa ndiye anayekuja kulaani. Mti mchanga nao hupinda ukikauka. Ila mwenye shamba akipiga hesabu ya nauli, anaona bora unga umwagike hapo kuliko mti usipate mnunuzi.

Siku hizi Mafinga kuna jibu jingine kwa mti huohuo mwembamba: mashine za vinia, zile karatasi za mti zinazogundishwa kuwa plaiwudi. Mashine za zamani ziliushika mti kwa kuubana katikati ya ncha zake mbili, ukazungushwa huku kisu kikimenya. Kisu kikikaribia vibanio lazima kisimame. Tuseme gogo lina kipenyo cha sentimita 20 na kisu kimesimama ikiwa imebaki 10: robo nzima ya mti haijamenywa. Mtu akafikiria kuondoa vibanio. Gogo likawekwa kati ya magurudumu ya chuma yanayolizungusha kutoka nje, yakizidi kusogea kadiri linavyopungua, hadi kubaki kijiti cha sentimita 4 hivi. Kwa gogo lilelile, hiyo ni asilimia 4 tu.

Simama karibu nayo uone. Gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, linaingia, linayumba mara mbili tatu, mara karatasi nyeupe yenye unyevu inaanza kutiririka upande wa pili kama chapati isiyoisha. Wahudumu wanazibeba mbili mbili kwenda kuzianika juani. Kile kijiti kinadondoka chini ya mashine, na kabla hakijapoa kuna mtu ameshakiokota akapikie.