Kazi ya Uchapaji Ikienda Nje, Wajibu Unabaki Ofisini

Tangu mashirika kadhaa jijini Nairobi yafunge vitengo vyao vya uchapaji na kupeleka kazi kwa wachapaji wa nje, dawati letu la ununuzi halipumui kwa malalamiko. Wafanyakazi wanadhani ni njama ya kuwapunguza. Wachapaji wadogo wa River Road nao wanauliza mbona masharti ya zabuni ni mengi kuliko vitabu vya risiti vyenyewe.

Sababu ya kufunga vitengo hivyo ni hesabu. Kazi ya rangi nne kwenye ofseti, mashine inayochapa kwa sahani za chuma, hula sahani nne, moja kwa kila rangi, uchape nakala mia au elfu kumi. Mashine ya ofisini hukesha Desemba kwa kalenda, kisha hulala miezi, huku fundi na vipuri vikiendelea kulipiwa. Aliyewahi kusaka kipuri cha mashine kuukuu hapa Nairobi hahitaji mhadhara wangu.

Kinachonichosha ni dhana kwamba kazi ikitoka, wajibu nao umetoka. Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuita wewe mdhibiti, yaani mwenye kuamua taarifa za watu zitumikeje, na mchapaji wako mchakataji, anayezishughulikia kwa niaba yako, na kifungu cha 42 kinadai mkataba wa maandishi. Taarifa za watu zikivuja, mchakataji akujulishe ndani ya saa 48 inapowezekana. Nawe, iwapo kuna hatari ya kweli ya madhara, umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Faini ya Kamishna huyo yaweza kufika shilingi milioni 5 au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo. Wanaoniandikia kwamba ni "kilicho kikubwa" wamesoma sheria ya Ulaya.

Na kuvuja hakuhitaji mdukuzi. Niliwahi kufungiwa mahamri kwa hati ya mshahara iliyochapika kombo: jina, namba ya PIN ya kodi, makato ya mkopo, mafuta yakianza kutambaa juu ya tarakimu. Karatasi zilizoharibika, zile fundi huzitupa kando mashine ikikwama, mikataba mingi haizitaji kabisa. Zitajwe: nani anazihesabu, nani anazikatakata, nani anatia sahihi.

Fotokopi ya kukodi nayo, nyingi zina diski inayohifadhi kurasa. Diski hiyo ifutwe kabla mashine haijapanda lori kurudi kwa mwenyewe. Taasisi ya umma inayouza mashine yake ipitie kamati ya uondoaji mali, chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya 2015. Kumwuzia bawabu langoni si utaratibu, hata akiwa na pesa taslimu.