Mdhamini si mwekezaji, na mfadhili si mmiliki

Dirisha la usajili likifunguliwa tu, maneno manne huanza kuvaa jezi moja. Mtangazaji anasema mdhamini wa Simba ameleta beki mpya. Dakika mbili baadaye mtu yule yule ni mwekezaji, na shabiki anayepiga simu studio anamwita mmiliki. Hukumu ya nani alaumiwe timu ikifungwa hutegemea neno lililotumika, kwa hiyo tuyatenganishe.

Mdhamini hununua nafasi ya kutangaza biashara yake kwa mkataba. Mfadhili hutoa fedha bila kununua chochote. Mwekezaji hununua hisa. Mmiliki ni mwenye hisa, na kwenye klabu ya wanachama ni wanachama wote kwa pamoja, akiwemo yule wa tawi la Mbagala ambaye kadi yake hajailipia tangu mwaka juzi.

Neno linalosumbua kuliko yote ni mdhamini. Limetoka kwenye dhamana, na dhamana tuliichukua kwenye Kiarabu, ambako maana yake ni kubeba jukumu la mwenzio: asipolipa yeye, utalipa wewe. Mahakamani maana hiyo ipo hai mpaka leo. Mdhamini wa mshtakiwa ndiye atakayeulizwa mtu akitoroka. Benki nayo humtaka mdhamini wa mkopo kwa sababu hiyo hiyo. Lakini neno lilipoingia uwanjani lilivua jukumu lile. Kampuni ya kubashiri iliyoweka jina kifuani mwa jezi haijamdhamini mtu kwa maana ya mahakamani: klabu ikishindwa kulipa mishahara, mchezaji hawezi kwenda kuidai kampuni hiyo. Wajibu wake unaishia kwenye kiasi kilichoandikwa kwenye mkataba, kwa awamu zilizoandikwa, pamoja na bonasi za ubingwa kama zimo.

Mkanganyiko unazidi kwa sababu klabu zetu zina wadhamini wengine kabisa. Bodi ya Wadhamini ya Yanga au ya Simba haitangazi bia wala simu. Ni watu waliosajiliwa kushika mali ya klabu kwa niaba ya wanachama: jengo la Yanga la Jangwani, jengo la Simba la Msimbazi, viwanja na hati zake. Hao wamebaki karibu zaidi na maana ya zamani, kwa kuwa wamebeba jukumu la mali isiyo yao. Ukisoma "wadhamini wamekataa kuuza jengo" ukadhani ni kampuni ya jezi, umepotea njia mapema.

Mfadhili ana ukoo mwingine. Fadhili, fadhila, afadhali na tafadhali ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya ziada, kitu kinachotolewa juu ya kile kinachodaiwa. Huwezi kuidai fadhila. Hapo ndipo udhaifu wa ufadhili ulipo: hauna mkataba wa kumzuia mtoaji asiondoke, wala klabu haina cha kumshtakia akiondoka.

Wekeza ni letu. Limejengwa juu ya weka, na ndani yake mna wazo la kuweka kitu mahali ili kikae na kizae. Anayewekeza anatarajia kukuta chake pale pale alipokiweka. Kwa hiyo swali la kwanza kwa yeyote anayeitwa mwekezaji ni fupi: amepewa nini, na kimeandikwa wapi? Kama jina lake halimo kwenye daftari la wanahisa wa kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, fedha zake zinahitaji jina lingine.

Tofauti hizi zimeandika historia ya karibuni ya Ligi Kuu yetu ya Tanzania Bara. Yanga walichukua ubingwa wa 2014/15, 2015/16 na 2016/17 wakiwa na Yusuf Manji, aliyekuwa mwenyekiti wa kuchaguliwa na papo hapo mfadhili mkuu. Mwaka 2016 wanachama waliletewa pendekezo la kumkodisha timu na nembo kwa miaka 10. Kukodisha, tuseme wazi, si kuuza hisa: mpangaji hulipa kodi na mali hurudi mkataba ukiisha. Pendekezo halikufika mwisho. Manji alijiuzulu Mei 2017, na kwa kuwa zile fedha zilikuwa fadhila, ziliondoka pamoja naye. Ndipo Jangwani wakaanza kutembeza bakuli, na kocha Mwinyi Zahera akawa mstari wa mbele kuhamasisha wanachama wachangie timu yao.

Upande wa pili, Desemba 2017 mfanyabiashara Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya kununua hisa za Simba kwa shilingi bilioni 20, na fungu la mwekezaji likawa asilimia 49. Simba wakachukua ligi mara nne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21. Kampuni ya GSM ilipoimarika Yanga, upepo ukageuka tena: ubingwa mara nne, 2021/22 hadi 2024/25, na katikati yake fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023, waliyoikosa mbele ya USM Alger kwa bao la ugenini. GSM waliingia Jangwani kwa milango miwili, mkataba wa kibiashara na ufadhili wa usajili. Julai 2022 Hersi Said, aliyetokea kampuni hiyo, akachaguliwa rais wa klabu. Aliingia kwa kura za wanachama. Hakuna hisa iliyomweka pale.

Misimu 11, na kila mara ubingwa umekaa pale mfuko ulipo mzito. Kwa hiyo wanaosema fedha haichezi mpira wanakosea. Ila jina la fedha ile ndilo linalosema itadumu muda gani.

Turudi kwenye bilioni 20, maana hesabu yake huwa haipigwi redioni. Kama ni bei ya hisa mpya za asilimia 49, kampuni nzima, fedha zikiwa zimeshaingia, ina thamani ya bilioni 40.8 hivi. Asilimia 51 ya wanachama ni kama bilioni 20.8. Hiyo ndiyo bei iliyowekewa jina, nembo, mashabiki na mikataba ya wachezaji kwa pamoja. Mwanachama anayeona ni ndogo anapaswa kubishana na tathmini ya mali, inayopaswa kufanyika kabla ya zabuni. Kubishana na mnunuzi ni kuchelewa.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Fedha za hisa huingia mara moja, lakini mishahara, kambi, nauli za ndege za mechi za CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, na fidia ya kuvunja mkataba wa kocha huja kila mwaka. Tuseme mwekezaji ametoa bilioni 5 nyingine. Ni nini hizo? Kama ni hisa mpya, wanachama nao wachangie bilioni 5.2, la sivyo fungu lao litashuka chini ya 51, na taratibu za serikali zinataka lisishuke. Wanachama hawana bilioni 5.2. Zinabaki njia mbili: ziandikwe mkopo, au ziandikwe zawadi. Zisipoandikwa lolote, matatizo yanasubiri siku ya ugomvi. Siku hiyo mtoaji atasema nawadai, wanachama watasema ulitupa, na mkaguzi wa hesabu atakosa karatasi ya kumpa haki yeyote kati yao. Kumbukumbu za mkutano wa bodi zenye sentensi moja, "kiasi hiki ni mkopo usio na riba" au "kiasi hiki ni msaada", zinatosha kuzuia kesi ya miaka.

Chelsea ya Uingereza ni mfano safi wa fedha iliyoandikwa. Fedha za Roman Abramovich, aliyekuwa mmiliki wake, ziliingia kama mkopo kupitia kampuni mama, ukafika takriban pauni bilioni 1.5. Klabu ilipouzwa 2022 deni hilo lilifutwa, lakini lilikuwepo kwenye vitabu miaka yote, na kila aliyetaka aliliona.

Manchester United inafundisha upande wa pili wa neno mmiliki. Familia ya Glazer ilipoichukua 2005 kwa takriban pauni milioni 790, sehemu kubwa ya fedha zile ilikopwa, na mikopo mingi ikabebeshwa klabu ambayo kabla ya hapo haikuwa na deni. Riba ikaanza kulipwa kwa viingilio vya Old Trafford na fedha za televisheni. Wale ni wamiliki halali, wenye hisa na kura. Mashabiki wengi hapa nyumbani hudhani mmiliki ni mtu aletaye fedha. Mmiliki ni mwenye haki ya kuamua. Kuleta fedha ni hiari yake, na anaweza hata kuzitoa.

Yote haya yanagusa pia kile shabiki anachokiona uwanjani. Mchezaji aliyeachwa bila kulipwa akienda FIFA, anayefungiwa kusajili ni klabu, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu mfululizo. Barua haiendi kwa mfadhili aliyeahidi mshahara kwa mdomo, wala kwa mdhamini wa kifuani. Saini kwenye mkataba wa mchezaji ni ya klabu, kwa hiyo deni ni la klabu.

Basi ndugu mtangazaji, na wewe mpiga simu wa saa tatu asubuhi: kampuni iliyo kwenye jezi iite mdhamini, na ukitaja Bodi ya Wadhamini malizia "ya klabu" ili msikilizaji asipotee. Anayelipia usajili kwa mapenzi yake ni mfadhili, jina la heshima ambalo halina haja ya kupandishwa cheo. Neno mwekezaji litunze kwa mwenye hisa zilizosajiliwa. Na ukifika kwenye mmiliki, kwa Simba na Yanga, kumbuka kwanza kuwataja wanachama.