Je, wajua kwa nini spesa ya milimita 25 huinua pua ya pikapu kwa karibu milimita 50?

Spesa ni kipande cha chuma au alumini cha mviringo, chenye matundu matatu au manne ya bolti. Unaweza kukifunika kwa kiganja. Ukikifunga juu ya shokapu ya mbele ya pikapu, kikiwa na unene wa milimita 25 tu, pua ya gari hupanda karibu milimita 50. Hakuna kitu kingine kilichoongezwa. Sasa hizo 25 za pili zimetoka wapi?

Swali hili nililijibu vibaya kwa muda mrefu. Nilitaka kupandisha pua ya pikapu kwa sentimita 5, basi nikaenda gereji na spesa zenye unene wa sentimita 5. Fundi akazigeuzageuza mkononi, akaziweka juu ya benchi. "Kaka, hizi zitakupeleka karibu sentimita kumi," akasema. Nilibisha. Akachuchumaa penye gurudumu la mbele, akavuta tepi kutoka kwenye bolti inayoshika mkono wa chini, kile chuma kirefu kinachounganisha gurudumu na chasisi: sentimita 21 hadi bolti ya shokapu, sentimita 39 hadi boljointi, kiungo cha mwisho penye gurudumu. Kisha akaniachia tepi ili nipime mwenyewe.

Kwanza, kwa nini watu hunyanyua pua? Pikapu hutoka kiwandani mbele ikiwa chini kidogo kuliko nyuma, kwa sababu nyuma imetengenezwa ikisubiri mzigo. Ukipakia, springi bapa za nyuma hulala na gari hukaa sawa. Anayeendesha mara nyingi bila mzigo, au anayetaka nafasi ya tairi kubwa zaidi, ndiye hupandisha mbele ilingane na nyuma.

Kosa langu lilitokana na meza. Meza ikiyumba, unaweka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja, na mguu hupanda kwa unene uleule wa ubao. Akili hulihamishia hilo kwenye gari bila kuuliza. Tena kuna magari ambayo fikra hiyo inaelekea kuwa sahihi. Gari dogo la kawaida lina mtindo wa mbele uliobuniwa na mhandisi wa Marekani Earle S. MacPherson, ambao Ford iliutumia kwenye Consul na Zephyr zilizooneshwa Uingereza mwaka 1950. Katika mtindo huo shokapu hushuka mpaka kwenye kitovu cha gurudumu na kukifunga moja kwa moja. Weka spesa ya 25 juu yake, gari litapanda karibu 25. Kwa hiyo mtu aliyezoea magari madogo huja kwenye pikapu na kanuni iliyomfaa jana, wala hana sababu ya kuishuku.

Pikapu nyingi za kisasa, Toyota Hilux na Ford Ranger zikiwemo, mbele zimejengwa kwa njia nyingine. Kila gurudumu lina mikono miwili, wa juu na wa chini. Mkono wa chini umeshikwa na chasisi kwa bushi upande wa ndani, na upande wa nje una boljointi inayobeba gurudumu. Shokapu na springi yake vimeungana, juu vimefungwa kwenye chasisi, chini vimekaa kwenye mkono wa chini. Lakini havifiki mwisho wa mkono. Vimekaa karibu na katikati yake, na hapo ndipo pana jibu.

Fikiria mlango. Bawaba ni zile bushi za chasisi, ukingo wenye kitasa ni gurudumu. Sukuma mlango ukiwa umeweka mkono katikati ya ubao, usogee sentimita 10 tu. Kitasa kitakuwa kimekwenda 20. Au nyoosha mkono wako mbele, kisha mtu akuinue kiwiko kidogo huku bega likiwa pale pale. Vidole vitapanda karibu mara mbili ya kiwiko. Spesa inasukuma penye kiwiko, nasi tunapima penye vidole.

Kuna ugumu mmoja unaobaki hapa. Spesa inasukuma shokapu chini, si juu. Basi gari linapandaje? Mwenye upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, anajua. Yeye huusukuma upondo chini, lakini nchi haisogei, kwa hiyo kinachosogea ni chombo. Gurudumu nalo linasukumwa chini, ardhi inalikatalia, na chasisi inaondoka kwenda juu.

Rudi kwenye tepi ya fundi. 21 kwa 39 ni 0.54. Shokapu ile pia haikusimama wima, ilikuwa imeegea ndani kwa takriban nyuzi 20, na mwegeo huo hupunguza kidogo: 0.54 inakuwa 0.51. Gawanya 25 kwa 0.51, unapata 49. Pikapu nyingine ina vipimo vingine, ndiyo maana spesa ileile inaweza kutoa 45 hapa na 55 pale. Na chunga maandishi ya pakiti: watengenezaji wengine huandika unene wa kipande, wengine huandika kimo ambacho gari litapanda. Mimi nilisoma namba bila kuangalia inahusu kipi kati ya hivyo viwili.

Mkono huu ni wenzo, na wenzo haukupi umbali bure. Ulichopata kwenye mwendo unakilipa kwa nguvu. Gurudumu likibebeshwa kilo 500, springi iliyokaa katikati ya mkono hubanwa kwa karibu tani nzima. Ndiyo sababu springi za mbele za pikapu ni nene kiasi kile, na ndiyo sababu hakuna mtu anayepaswa kuzifungua bila kifaa cha kuzibana.

Hapo panazuka dhana ya pili, nayo ni maarufu kuliko ya kwanza: kwamba spesa huibana springi na kuifanya ngumu. Zipo spesa za aina mbili. Moja hukaa nje, juu ya shokapu nzima. Nyingine huingia ndani, kati ya springi na kiti chake, na hii kweli inaibana springi wakati wa kuifunga. Lakini ukishusha gari kwenye jeki, uzito unaoikalia springi ni uleule wa jana. Robert Hooke alieleza mwaka 1678 kwamba springi hufupika kulingana na nguvu inayoikandamiza. Nguvu ikiwa ileile, kufupika nako ni kulekule. Jipime kwenye mizani iliyo sakafuni, kisha iweke mizani juu ya jukwaa ujipime tena. Umepanda, lakini kilo hazijabadilika. Springi ni ile mizani.

Hata hivyo wanaosema gari linagonga zaidi baada ya spesa hawabuni. Kinachobadilika ni nafasi ya gurudumu kushuka na kupanda. Kwa spesa ya ndani, shokapu inasimama ikiwa imekwisha kunyooka zaidi kuliko zamani, hivyo gurudumu linapoangukia shimo shokapu hufika mwisho mapema, na unasikia "ko!" chini ya miguu. Kwa spesa ya nje, shida ni kinyume chake: gurudumu likining'inia, mikono hushuka kupita pale ilipokusudiwa. Boljointi ya juu hukaribia mwisho wa mzunguko wake, mkono wa juu huweza kugusa springi, na jointi za shafti za mbele hufanya kazi zikiwa zimepinda zaidi. Ukigonga tuta kwa nguvu, shokapu inaweza pia kufika chini kabla ya mpira wa kuzuia kugusa. Kwa sababu hizo spesa nyingi za nje hukomea kwenye mnyanyuko wa milimita 50 au 60. Anayetaka zaidi hubadilisha mikono yenyewe, pamoja na vingine vingi, na hiyo ni kazi ya namna nyingine kabisa.

Na difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli? Hiyo haipandi hata milimita moja, unyanyue pua utakavyo, au uongeze springi za nyuma utakavyo. Difu iko kwenye ekseli, ekseli iko kwenye tairi. Kinachopanda ni chasisi na bodi tu. Ili difu iachane na mawe zaidi unahitaji tairi kubwa, na hapo hesabu hugeuka: tairi likiongezeka kipenyo kwa 50, ekseli hupanda 25. Mbele wenzo unazidisha kwa mbili, nyuma tairi linagawa kwa mbili. Napenda sana jinsi gari moja linavyobeba hesabu zote mbili.

Baada ya kufunga, alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, ni ya lazima, kwa kuwa mikono iliyoshuka huyageuza magurudumu hata kama usukani unahisi sawa. Taa za mbele nazo zinakuwa zinaangalia juu, machoni mwa wanaokuja, hivyo zishushwe. Gari lenye kamera au rada ya mbele huenda likahitaji kupangiwa upya mfumo huo.

Tulifunga spesa za 25. Kabla ya kuanza nilikuwa nimepima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, wala si kutoka ardhini, kwa sababu upepo wa tairi huharibu kipimo cha ardhini. Gari liliposhushwa, fundi aliliendesha mbele na nyuma hatua chache ili magurudumu yajipange na springi zitulie, kisha nikapima tena. Tepi ilisoma nyongeza ya milimita 47 upande wa dereva na 50 upande wa abiria.