Ni ile ya boksi la bluu: tunavyokosea tukitafuta dawa Mtwara na Lindi

Jumamosi moja nilizunguka Mtwara mjini kwa bodaboda tangu saa nne asubuhi, natafuta vidonge vya presha vya mama. Nilianzia Chikongola, nikapita Shangani, nikaishia karibu na Soko Kuu. Kila dirisha nilisema maneno yaleyale: "Dada, mna vile vya boksi la bluu?" Kila dirisha nikajibiwa hamna. Duka la sita, dada aliyekuwa kaunta akasema, "Kaka, hebu nione hiyo karatasi yenyewe." Nikamtolea mfukoni karatasi ya vidonge iliyobaki matundu matupu. Akaigeuza, akasoma herufi ndogo zilizo chini ya jina kubwa, akavuta boksi la kijani. "Amlodipini, miligramu tano. Ndiyo hii." Huenda hata yale matano ya mwanzo yalikuwa nayo.

Tangu hapo nimekuwa msikilizaji mzuri wa maneno ya mtaani kuhusu dawa. Mengi hayana ukweli, ila yanafanana na ukweli, ndiyo maana hayafi.

"Boksi likibadilika, dawa imebadilika"

Hili ndilo kosa linalotutembeza kuliko yote. Dawa ina majina mawili. Moja ni la kiwanda, kubwa, la kuvutia, na kila kiwanda kina lake. La pili ni la kiini chake, yaani kile kinachotibu, nalo halibadiliki. Glucophage ni jina la kiwanda. Kiini chake ni metfomini, na metfomini hutengenezwa na viwanda vingi, India, Kenya na kwingineko. Daktari akiandika metfomini miligramu 500, boksi lolote lililosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa nchini, lenye kiini hicho na nguvu hiyo linafaa, liwe jekundu au la njano. Bei ndiyo itakayotofautiana, wakati mwingine mara kadhaa.

Kwa hiyo anayetafuta dawa awe na vitu vitatu kichwani: jina la kiini, nguvu yake kwa miligramu, na kama ni kidonge cha kawaida au cha kutoa dawa polepole. Hicho cha tatu watu hukiruka. Ukikosa amlodipini ya miligramu 10, mfamasia anaweza kukupa ya tano umeze mbili, na hesabu ikakaa sawa. Lakini nifedipini ya kutoa dawa polepole haikatwi wala haisagwi, maana ukiivunja, dawa ya saa nyingi inaingia mwilini kwa mkupuo na presha inaweza kushuka vibaya. Tazama na herufi za pembeni pia. Losatani na losatani yenye herufi H si kitu kimoja. Hiyo H ni dawa ya pili ndani ya kidonge hichohicho, ya kukojoza maji. Nimeona mtu akichukua ya H kwa sababu "ndiyo iliyokuwepo", akashangaa anaamka usiku mzima kwenda chooni.

Zipo dawa ambazo kuhama kiwanda kunataka tahadhari: za kifafa, ya kuzuia damu kuganda iitwayo wafarini, na ya tezi la shingo. Hizo tofauti ndogo tu inaweza kuleta shida, kwa hiyo ukilazimika kuhama mwambie anayekutibu kwanza. Zilizobaki nyingi, boksi lisikutishe.

"Duka la dawa ni duka la dawa"

Wazee bado wanasema "duka la dawa baridi", na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Vijijini na pembeni ya mji tuna maduka ya dawa muhimu, yale yenye kibao cha DLDM. Mpango huo ulianzia kwa jirani zetu wa Ruvuma mwaka 2003, ukasambaa nchi nzima, na umesaidia sana: kabla yake ukiwa ndani huko kupata dawa salama ilikuwa bahati. Ila duka muhimu lina orodha yake. Linaruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari na baadhi tu ya zinazohitaji cheti. Famasi ni kitu kingine. Inasimamiwa na mfamasia aliyesajiliwa na Baraza la Famasi, na inaruhusiwa kuweka dawa nyingi zaidi.

Ukimaliza maduka muhimu manne ya mtaani kwako ukasema "dawa hamna Mtwara", hujatafuta. Umeuliza mahali ambapo huenda haikutakiwa kuwepo. Kama cheti kina dawa ya moyo, ya kifafa au ya homoni, nenda moja kwa moja famasi, na ukiwa Newala, Nachingwea au Ruangwa anza na famasi iliyo karibu na hospitali, kwa sababu hao huagiza kwa kuangalia madaktari wa pale wanaandika nini.

"Hospitali wamekosa, basi hakuna"

Na kinyume chake: "Famasi zote hamna, hospitali watapata wapi?" Mikono inayoleta dawa ni tofauti. Hospitali za serikali, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, chanzo chao kikuu ni Bohari ya Dawa, MSD, ambayo ina kanda yake hapa Mtwara. Maduka binafsi mengi huagiza kwa wauzaji wa jumla, mzigo mwingi ukitoka Dar. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar kule Kilwa, kila kilichotegemea njia ile kilikwama. Siku kama hizo kuzunguka famasi kumi ni kuuliza swali moja mara kumi. Afadhali uulize kwenye ghala jingine, yaani dirisha la dawa la hospitali, au hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao ambazo nazo zina stoo zao.

Na hapana, MSD haikuuzii dirishani kwa sababu ghala liko mjini kwako. Kazi yake ni kupeleka vituoni. Nimekutana na mzee aliyefunga safari hadi getini na cheti mkononi, shikamoo mlinzi, akarudishwa.

"Simu itanionyesha"

Ramani ya kwenye simu inakuonyesha duka, haikuonyeshi rafu. Tena kwetu huonyesha na yaliyofungwa. Simu ina faida ukiitumia kupiga. Ukinunua dawa leo, chukua namba ya famasi, na siku ya kutafuta taja kiini na nguvu, uliza wana vidonge vingapi, waombe wakuwekee. Ukituma picha ya cheti, funika jina na namba ya faili; dawa inasomeka bila hivyo, na picha haijulikani itaishia kwenye kundi gani.

"Bima mwisho wake getini kwa hospitali"

Mwanachama wa NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, akikosa dawa hospitalini aombe fomu ya kuchukulia nje, ambayo wengi huiita 2C, aende famasi iliyosajiliwa na mfuko. Iombe kabla hujatoka. Kuirudia ukiwa umeshafika Mikindani ni nauli mbili.

"Agiza Dar, basi litaleta"

Kwa vidonge vya kawaida, sawa, ilimradi mfuko usiachwe juani. Kwa insulini ngoja kwanza. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Basi kutoka Dar hadi Mtwara linamaliza mchana kutwa, na buti lake ni jiko. Wapo wanaoogopa joto wakaifunga kugusana na barafu. Hilo nalo linaiua, maana insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Ifungwe kwenye kiboksi cha baridi, kitambaa kikitenganisha barafu na chupa, na aliyepewa ajue anachobeba. Nyumbani bila friji, chungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati, kivulini penye upepo, kinapunguza joto vya kutosha kwa chupa unayoitumia. Bibi zetu walipoza maji hivyohivyo.

Dawa za kifua kikuu na ARV usizitafute madukani kabisa. Hutolewa bure vituoni, na aliye safarini aende na kadi yake: wa ARV kwenye CTC iliyo karibu, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, na wa kifua kikuu kwenye kituo cha karibu kinachotoa dawa hizo.

"Presha haiumi, wiki moja si kitu"

Mama alikuwa wa dini hii. Akiona vinakaribia kwisha, anameza siku moja, anaacha moja, "ili vifike". Presha hupanda kimya. Na dawa kama propranololi na atenololi zikikatwa ghafla, moyo unaweza kurudi kwa fujo kuliko mwanzo. Za kifafa zikikatwa, degedege linaweza kuja lisikatike.

Siku hizi anahesabu. Vikibaki kumi ananipigia, hata kama ni usiku. Lakini aliyenifundisha la mwisho ni yeye, si mfamasia. Dukani ukinunua vidonge kumi, mkasi wa muuzaji hukata karatasi popote, na mara nyingi kipande chenye jina na tarehe ya mwisho hubaki kwao. Mama husimama kaunta na kusema, "Mwanangu, nikatie upande wenye maandishi." Wakisema upande huo umeshauzwa, anawapa kalamu waandike kwenye kibahasha: jina, miligramu, tarehe. Anasubiri mpaka wamalize kuandika, foleni ikimsukuma mgongoni.