Waingereza hawamezi maneno ovyo

Mwanafunzi akitoka kusikiliza taarifa ya habari ya BBC kwa Kiingereza huniambia yaleyale: "Mwalimu, hawa watu wanameza maneno." Kweli wanameza. Ila hawamezi ovyo, na nusu ya kazi yangu darasani ni kuonyesha kipi kinamezwa na kipi kinabaki.

Kiswahili sanifu hakina desturi hiyo. Kila silabi hupata haki yake, na mkazo tunajua unakaa wapi: silabi ya pili kutoka mwisho. Kitábu, ukiongeza -ni, mkazo nao unahama, kitabúni. Wakaidi wapo, kama barábara ya "sawasawa" na barabára ya magari, lakini ni wachache. Nguvu ya kanuni hii iangalie kwenye maneno ya mkopo. Waingereza husema HOS-pi-tal. Sisi tukaukokota mkazo hadi hospitáli. Po-LICE na ho-TEL yalikuwa na bahati: tulipoongeza irabu mwishoni, mkazo ukajikuta palepale ulipokuwa, polísi, hotéli. Balaa linaanza tunapozungumza Kiingereza chenyewe kwa kanuni ya nyumbani. "Vegetable" inageuka "veje-TEI-bo". Mwingereza husema "VEJ-ta-bl", na ile e ya pili unayoiona kwenye maandishi haimo kabisa.

Silabi isiyo na mkazo mara nyingi hubakiwa na irabu moja dhaifu iitwayo shwa. Fungua mdomo kidogo, legeza ulimi, toa sauti bila kukusudia irabu yoyote. Ndiyo hiyo. Kwenye "banana" imo mara mbili, mwanzoni na mwishoni. A ya katikati tu ndiyo a. Watu wanakosa usingizi kwa sababu ya "th", ambayo tunayo tangu zamani kwenye thelathini, kumbe kinachotuumbua ni shwa. Irabu zetu tano zote zina afya njema mno.

Darasani nagonga meza. "DOGS EAT BONES": silabi tatu, nagonga mara tatu. Halafu "The DOGS will have EATen the BONES": silabi nane, na bado nagonga mara tatu. "The", "will" na "have" hupita kwa kunyata. Mwanaisimu Mmarekani Kenneth Pike aliuita mwendo huu mdundo wa mkazo mwaka 1945, akiutofautisha na mdundo wa silabi, ambamo kila silabi hupewa muda wake. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa nafasi kati ya mkazo na mkazo hazilingani kwelikweli. Sawa, lakini meza bado naigonga, maana masikio ya wanafunzi yanafunguka. Kusema kama Mwingereza si lazima. Dar na Nairobi tunaelewana vizuri kwa uzito wetu sawa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuponzwa na "can". Nilimwambia Mmarekani mmoja kwa simu, "I can come on Friday", kila neno nimelipa uzito wake. Akajibu pole, tutafute siku nyingine. Nikarudia, kwa ukali zaidi. Akasikitika zaidi. Kwa Wamarekani t ya "can't" mara nyingi haisikiki, kwa hiyo sikio lao hutega uzito: "can" ya kukubali humezwa ikawa "kn", mkazo ukatua kwenye "come", ya kukataa ndiyo hutamkwa kwa ukamilifu. Kadiri nilivyotamka vizuri, ndivyo nilivyozidi kukataa. Ijumaa ile nilishinda nyumbani.